Kifungu cha Mama

11 Februari

Kwako Kinanda, mdogo wangu,

Nakusalimu kwa mikono yenye harufu ya sabuni, hivyo ukinusa karatasi hii usiseme dada kajipulizia marashi. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Shemeji yako anakohoa, lakini anakula, na mtu anayekula hajakata tamaa. Anasema simu ipo, kwa nini namaliza stempu? Nikamwambia simu ni ya kuulizana mmeamkaje, mambo ya moyo yanataka karatasi.

Hapa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali kuna saa fulani ya mchana ambapo kila kitu husimama. Mashuka ya wodi yametoka kwenye pipa, hayajakauka. Mvuke unapanda, vioo vya madirisha vinatiririka, na wenzangu wanasinzia juu ya matenga. Saa hiyo ndiyo redio inaleta Bunge. Sauti yako huja ndani ya mvuke, siioni inakotoka, na kabla sijakumbuka kuwa siku hizi wewe ni mheshimiwa, naitika, "Abee!" Wenzangu wamecheka hadi wamechoka.

Jumatatu ulichangia hoja ya miwani ya wanafunzi. Jumatano ulitetea nyuki, wewe uliyekuwa ukijificha kwenye sketi yangu ukisikia inzi. Alhamisi ikawa magodoro ya wafungwa. Mwenzangu wa pasi akauliza, "Huyu ndugu yako anajua kila kitu. Kuna alichoacha?" Nikamjibu, "Ameacha kukunja shuka."

Sijakusikia ukimtaja mama hata siku moja, na nusu mwaka umepita tangu atutoke. Silalamiki. Huenda ni vizuri hivyo.

Juzi nilisinzia nikamwota ameketi kwenye kile kiti kirefu cha Spika, miguu haifiki chini, anakunja mashuka, na ninyi wabunge mmesimama mnamshikia ncha. Nikaamka nikasali, nikarudi kwenye pipa langu.

Kula vizuri.

Dada yako, anayelowa kila siku


27 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mke wangu na wanao wanakusalimu, mdogo ameng'oka jino na anataka nimwulizie Serikali itamlipa kiasi gani. Pole kwa goti. Mwambie shemeji anywe maji ya moto.

Umenichekesha kwa ile "abee". Ungeona ukumbi wetu baada ya chakula cha mchana ungedhani uko kwenye mvuke wako. Feni zinazunguka taratibu, waheshimiwa wanalala macho wazi. Mimi nikiitwa na taa nyekundu ya kipaza sauti ikiwaka, najisikia kama nimezama kwenye maji. Naisikia sauti yangu ikitoka mbali, ikizungumzia miwani, na mimi nimekaa chini yake naisikiliza kama mtu mwingine. Naomba kuchangia kila kitu, ni kweli. Nikinyamaza mambo hunijia.

Sasa sikiliza. Tarehe nne Machi unakuja Muswada wa Magari ya Wagonjwa, na nitamtaja mama. Siku aliyokufa uliniambia kwenye simu sentensi moja tu: gari liliitwa kwa ajili yake, dereva akampakia mwanamke wa jirani, akamwacha mama mlangoni. Sentensi hiyo nimetembea nayo miezi sita. Niandikie upesi saa na dakika, na dereva alisema nini. Nisipopata barua nitajua bado inakuuma, nami nitasema nilicho nacho.

Mheshimiwa Spi... ona, mkono umezoea. Wako,

Kinanda


9 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Kikohozi cha shemeji yako kimepungua.

Barua yako imefika tarehe saba. Sauti yako ilifika tarehe nne. Nilikuwa nimeshika ncha mbili za shuka na mwenzangu wa pasi ameshika mbili. Uliposema "mama yangu mzazi aliachwa mlangoni kama mzigo", mwenzangu akaziachia zake, shuka safi likaenda sakafuni. Nikalirudisha kwenye pipa. Wote walikuwa wananitazama.

Hospitali hii ina gari moja, na dereva wa mchana ni mmoja. Tunamwita Polepole, kwa namna anavyoliendesha kama amebeba mayai. Ameitwa ofisini. Watu wanasema, "Na jina lake lenyewe, mnategemea nini?"

Saa na dakika sikumbuki. Nakuomba usiizungumze tena habari ya mama.

Dada


21 Machi

Dada,

Shikamoo. Nyumbani salama, jino jipya limechungulia.

Mbona barua ilikuwa fupi hivyo? Nimeigeuza nyuma nikidhani kuna mengine. Najua inauma, lakini ungejua lililotokea usingelia tena. Nilipomaliza kusema, dada, ukumbi mzima ulisimama. Hata wale wa upande wa pili, wanaonizomea nikiomba maji ya kunywa, walisimama. Waziri ameahidi magari mapya arobaini. Na wameongeza kifungu: dereva atakayemwacha mgonjwa aliyeitiwa gari afukuzwe na afungwe. Kwenye korido wanakiita Kifungu cha Mama. Muswada utasomwa mara ya tatu mwezi Juni, kisha ni sheria.

Nimechangia mambo mia na zaidi tangu niingie humu, na yote yamepita kama moshi wa chai. Hili ndilo litakalobaki. Usiku huo nililala kama mtoto.

Huyo dereva wenu wameshamfanya nini?

Kinanda


14 Mei

Mdogo wangu Kinanda,

Salamu kwanza, maana hata mwenye dhambi husalimu. Sisi wazima. Mvua imeshika, mashuka hayakauki, tumeyatundika hadi kwenye korido na mtu akipita anapotea ndani ya weupe kama amekwenda mbinguni bila kuaga.

Kimya changu cha miezi miwili si cha posta. Barua hii nimeiandika mara nne, na mara nne nimewashia jiko.

Uliuliza wamemfanya nini dereva. Wamemsimamisha kazi tangu Machi. Anasukuma mkokoteni wa matofali, taratibu vilevile. Wiki mbili zilizopita niliitwa na msimamizi wa hospitali, pamoja na mama mmoja wa wizarani mwenye faili. Wakaniuliza, "Dereva anadai wewe na marehemu mlimruhusu kumchukua yule mwingine. Ni kweli?" Nikasema, "Nilikuwa kwenye majonzi. Sikumbuki." Yule mama akaandika. Nilipotoka nilimkuta Polepole kwenye benchi la nje, anangoja zamu yake. Akainuka anipishe. Akasema, "Pole kwa mama." Basi. Hakuniuliza nimesema nini.

Nakumbuka, Kinanda. Nakumbuka yote.

Ilikuwa mchana, saa nane. Nilimtoa mama kwenye kiti hadi mlangoni apate hewa, pumzi zake zilikuwa fupi kama za mtu aliyepanda ngazi. Gari likafika. Polepole hajashuka vizuri, tukasikia kelele mlango wa pili. Walikuwa wanamtoa mke wa seremala kwenye blanketi, mimba ya miezi minane, damu inadondoka njia nzima. Gari lile lina kitanda kimoja na mtungi mmoja wa hewa. Polepole akanitazama akasema, "Nani?" Neno hilo moja tu.

Mama ndiye aliyejibu. "Huyo. Mimi nina muda."

Nikasema, "Mama!" Akanitazama vile alivyokuwa akitutazama tukigombea ukoko wa sufuria. Basi nikasaidia kumpakia yule mwanamke, na mlango wa gari nikaufunga kwa mkono wangu huu unaoandika. Polepole akasema, "Narudi sasa hivi." Alirudi, na siku hiyo hakuwa polepole hata kidogo. Lakini mama alikuwa ameshatutoka dakika kama ishirini kabla, kichwa begani kwangu, mwepesi, kama mtu aliyesinzia katikati ya ibada.

Ndipo nikakupigia. Ukapiga kelele, "Ulikuwa wapi, dada? Ulifanya nini?" Mimi niliyekuwa naye miaka yote, wewe uliyekuja na zawadi mara mbili kwa mwaka! Na hata hivyo swali lako lilinikuta sina jibu, kwa sababu mlango ni mimi niliyeufunga. Nikamtwisha dereva. Sentensi moja. Sikujua kuwa sentensi ya kwenye simu inaweza kukua miguu ikaenda kusimama bungeni.

Mtoto alizaliwa hai. Ni wa kike. Nikipita pale huona nguo zake ndogo kwenye kamba, nami naangalia upande mwingine.

Nimemwomba Mungu anisamehe bila kupitia kwako. Naona njia hiyo ya mkato hataki.

Dada yako


23 Mei

Dada,

Shikamoo. Watoto wazima.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Nimekasirika, sitakuficha. Nilitoka nikatembea kwenye mvua bila mwavuli hadi askari wa getini akanifuata akiuliza, "Mheshimiwa, umepotea?" Umenifanya mwongo mbele ya nchi nzima, na nchi nzima ilisimama kunipigia makofi.

Nilimwendea karani wa kamati yetu, mzee ambaye miwani yake ameifunga kwa kamba na ameona mabunge mengi kuliko sisi sote. Nikamwuliza kama naweza kusahihisha maneno yangu kwenye taarifa rasmi. Akasema, "Mheshimiwa, tunasahihisha ulimi ukiteleza. Hili siyo la ulimi." Njia ni moja, kuomba nafasi ya maelezo binafsi kabla kura haijapigwa, tarehe tano Juni. Kisha akashusha sauti: "Ama ukae kimya. Nani atajua?" Na ukifikiri, dada, nikisimama nikasema hadithi iliyowasimamisha si ya kweli, muswada wote unaweza kuanguka. Magari arobaini. Ni akina mama wangapi wako milangoni sasa hivi? Dhidi ya dereva mmoja.

Sijui nitafanya nini. Usiende ofisini kusema lolote mpaka nikuandikie. Nakuagiza.

Nawe kwa kuwa umefungua lako, nami nifungue langu. Mama alinipigia siku ile. Saa saba na nusu. Nilikuwa nimeomba kuchangia taa za barabarani na Spika alikuwa anakaribia jina langu. Simu ikatetemeka mfukoni mara tatu. Nikaona ni yeye, nikaizima. Nilizungumza dakika kumi kuhusu taa, na nilizungumza vizuri. Nilipoiwasha, aliyepiga ni wewe. Hadi leo sijui alitaka kuniambia nini. Tangu siku hiyo naomba kuchangia kila hoja, maana aliyesimama kuzungumza lazima simu yake iwe imezimwa, na hakuna atakayemlaumu.

Kinanda


30 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata jana. Leo asubuhi nimekwenda ofisini. Umri huu si wa kungoja ruhusa ya mtoto niliyembeba mgongoni.

Nimeandika kurasa tatu kwa mkono wangu, nimetia sahihi. Msimamizi akasoma akavua miwani akasema, "Mama Mashuka, unajua maana ya hii?" Nikamwambia najua, ndiyo maana imechukua kurasa tatu. Nitapewa barua ya onyo, huenda na zaidi. Lakini kasema mambo ya Polepole sasa yako wizarani, na wizara inasikiliza Bunge kuliko dobi. Kwa hiyo langu nimelimaliza, lako limebaki. Sikuagizi kama ulivyoniagiza. Nakuomba.

Kuhusu simu. Nilikuwa pembeni yake, mimi ndiye niliyemshikia sikioni. Alikuwa anataka kukuuliza kama umekula. Ulipokata akasema, "Yuko kazini," akacheka, akakohoa. Sisemi hivi kukufariji. Kazi ya kusema uongo nimeiacha, mshahara wake mdogo.

Na hicho kifungu usikiite cha mama. Mama hangemfunga dereva.

Dada


7 Juni

Dada yangu,

Shikamoo, shikamoo mara mbili.

Labda ulisikia. Lakini redio haikuonyeshi, ngoja nikusimulie.

Nilikuwa na kurasa mbili nilizoziandika vizuri, zenye "kwa masikitiko makubwa" na "kutokana na taarifa zilizonifikia". Spika aliponiita nikaziacha kwenye kiti. Taa nyekundu ikawaka. Nikangoja yale maji yanifunike kama siku zote, hayakuja. Nikaisikia sauti yangu karibu kabisa, nyembamba, yenye mafua. Nikasema, "Mheshimiwa Spika, tarehe nne Machi niliwaambia kwamba dereva alimwacha mama yangu mlangoni. Si kweli. Mama yangu mwenyewe alilitoa gari kwa mwanamke aliyekuwa anatokwa na damu, na dereva alimtii. Niliyasema yale bila kuuliza, na kuna mtu amekosa kazi kwa ajili yangu."

Jina lako sikulitaja. Kosa la kutouliza ni langu, hilo halina mshirika.

Ukumbi ukalipuka. Wa upande wa pili wakapiga meza. Mmoja akapaza sauti, "Na za nyuki pia ulitunga?" Wote wakacheka, nami, Mungu anisamehe, nikacheka. Spika akagonga. "Mheshimiwa, unafuta kauli yako?" Nikasema, "Naifuta." Nikaomba na kile kifungu kiondolewe, maana kingewafundisha madereva kuogopa kutazama upande wa pili.

Kifungu kimeondolewa. Lakini Waziri akasema muswada uliojengwa juu ya hadithi hauna haraka, ukarudishwa kwenye kamati. Magari arobaini yatangoja mwaka mwingine. Kwenye kamati hiyo mimi simo tena. Hilo sitakufunikia kwa shuka, dada: huenda nimewafungia mlango watu nisiowajua. Nimesali kuhusu hilo na sijajibiwa.

Yule karani mzee alinikuta koridoni. Akaniambia, "Kumbuka, kwenye taarifa rasmi hakuna kinachofutika. La Machi litabaki, la Juni litakaa kurasa mia tatu mbele. Atakayesoma la kwanza akachoka, atamchukia yule dereva maisha." Nikasema basi nitarudia kulisema kila nikipata nafasi.

Nilipokaa, mchana ule, watu waliendelea na hoja ya bandari kavu. Sikuomba kuchangia. Nilisikia feni tu, na mvua mbali. Nilikaa hivyo hadi mwisho wa kikao, na sikuzama.

Wizara imeniahidi kwa maandishi kuhusu dereva. Niambie ukimwona.

Kinanda wako


22 Juni

Kinanda, mtoto wa mama,

Tunamshukuru Mungu, wote tumeamka. Shemeji yako alisikia hotuba yako amelala, akasema, "Leo kaongea kama mtu." Hiyo kwake ni nishani, itunze.

Mimi nimevuliwa usimamizi wa zamu. Nafua kama wengine, na wa pasi ndiye bosi wangu sasa, ananiamuru kwa raha zote: "Wewe Mama Mashuka, hilo tenga!" Namjibu, "Ndiyo, mheshimiwa." Tunacheka. Uzito uliopungua ni mwingi kuliko cheo.

Polepole amerudi. Jumatatu, saa ile ya kusinzia, mvuke umejaa, nikaona mtu anakuja katikati ya mashuka yaliyotundikwa, anatokea shuka moja na kupotea kwenye jingine, taratibu, hadi nikadhani naota. Amebeba furushi la mashuka machafu ya garini. Akasema, "Nimekuletea kazi." Kama vile hakuna mwezi uliopita kati yetu.

Nilitaka kupiga magoti. Akanizuia. "Goti lako bovu, mama. Atakuinua nani, mimi niliyevunjwa mgongo na matofali?"

Nikamwambia, "Nilikuacha peke yako kwenye benchi lile. Nilikumbuka kila kitu."

"Najua ulikumbuka. Nilikuona usoni."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Waliandika 'dereva anadai'. Ukishaandikiwa 'anadai', nyamaza, pumzisha mdomo." Akaketi juu ya tenga. "Mke wangu ndiye aliyekasirika. Huyo utamwomba radhi mwenyewe, mimi simo. Nenda na moyo mkubwa."

Nitakwenda Jumapili. Lakini hilo silo lililonikalisha kuandika.

Nikamwambia jambo linaloniamsha. Nikamwambia, "Mlango ni mimi niliyeufunga. Mama alisema tu, mimi ndiye niliyeufunga. Ningeushikilia, ningekuomba umsogeze, ungefanya namna."

Akalisukuma furushi pembeni kwa mguu. Kisha akasema, "Uliufunga, ndiyo. Lakini gari halikuondoka. Hukuona? Uligeuka ukaufunika uso wako kwa khanga. Mimi nilikuwa bado, mguu kwenye breki. Nilishindwa. Nikamtazama mama yako kwenye kioo cha pembeni, nikasema moyoni, akionyesha woga hata kidogo nashuka. Akaniona ninamtazama. Akainua mkono, akanipungia niende."

Nikamwuliza alikuwa na uso gani.

Alifikiri, huyu mtu asiyeharakisha jambo. Redio ilikuwa inasema kitu, sauti ya mbunge fulani, si yako. Akasema, "Kama mtu aliyewasindikiza wageni hadi njiani, anaona wanachelewa kwa sababu yake."

Nakuandikia uso huo ulivyokuwa, neno kwa neno, ili na wewe uwe nao.

Dada yako